Habari ya Sindano ya Kichomi katika Miteremko ya Meru na Embu

Upande wa mashariki wa Mlima Kenya, ambako ardhi hushuka daraja baada ya daraja kutoka misitu ya mianzi hadi mashamba ya chai, kisha kahawa, na mwisho nyika kavu za Tharaka na Mbeere zinazopakana na Mto Tana, baridi ya miezi ya Juni hata Agosti haikuwa kamwe jambo la mzaha kwa wazazi wenye watoto wachanga. Ukungu huweza kukaa juu ya mabonde siku kadhaa bila ya jua kuonekana, na moto uwashwao ndani ya nyumba kwa ajili ya kuota huyajaza moshi mapafu ambayo baridi imekwisha kuyadhoofisha. Kichomi, ambacho matabibu wa hospitali hukiita nimonia, ni maradhi ya kale katika nchi ya namna hiyo, na tangu mwaka 2011 watoto wachanga wa Kenya hudungwa chanjo iitwayo kwa jina la maradhi hayo. Nakusudia kueleza jinsi watu wa Meru na Embu walivyofikia kuipokea chanjo hiyo bila ya rabsha kubwa. Na rai yangu ni kwamba walichokikubali hakikuwa chanjo yenyewe hasa, bali siku ya kliniki na mkono wa mtu waliyemjua, na kukubali huko kulianza karibu miaka tisini kabla ya chupa ya kwanza kufika.

Utawala wa Kiingereza uliingia Embu kwa bunduki mwaka 1906, na boma la Meru likaanzishwa na afisa wake E. B. Horne miaka michache tu baadaye, lakini tiba haikufuata nyuma kwa mwendo huo huo. Kilichotangulia ni Vita Kuu. Vijana wa milimani walitwaliwa kuwa wapagazi wa jeshi, hususan katika ukusanyaji mkubwa wa mwaka 1917 chini ya afisa wa serikali John Ainsworth, wakatolewa katika baridi waliyoizoea na nyama na nafaka walizozijua, wakapelekwa katika mabonde ya Tanganyika kubeba mizigo mvuani na kula unga usioiva. Na waliokufa katika jeshi hilo la wapagazi, ambao kwa hesabu rasmi wanapita 40,000, aghalabu hawakuuawa kwa risasi bali kwa kuhara damu, malaria na kichomi. Waliosalia walirudi makwao ukifuatia ule ugonjwa wa mafua wa mwaka 1918, ambao nao uliua hasa kwa njia ya mapafu. Si ajabu basi kwamba kizazi kile kilipoitwa na serikali kwa jambo lolote lihusulo mwili wa mtu, kilisikiliza kwa tahadhari.

Msomaji atanisamehe nikimchukua kidogo hata Johannesburg, kwa maana ndiko chanjo ya kichomi ilikoanzia. Wenye migodi ya dhahabu waliona kwamba wachimbaji walioletwa kutoka nchi za joto walikuwa wakifa kwa kichomi kwa wingi wa kutisha, na hofu yao, tusiwasingizie huruma isiyokuwapo, ilikuwa ya kupoteza nguvu za kazi. Wakamwita tabibu Almroth Wright kutoka London, naye mwaka 1911 akawadunga maelfu ya wachimbaji dawa iliyotengenezwa kwa vijidudu vya maradhi hayo vilivyouawa. Hakuna aliyetaka kujua kama wachimbaji hao walikuwa radhi. Matokeo hayakuwa na ithibati ya kutosha, na shughuli hiyo ikafifia zaidi dawa za salfa zilipotokea mwishoni mwa miaka ya 1930 na penisilini baada yake, hata Robert Austrian, tabibu wa Marekani, alipoifufua na kuijaribu tena katika migodi ile ile ya Afrika Kusini katika miaka ya 1970. Watu weusi wa migodini walikuwa mara mbili uwanja wa majaribio ya chanjo ambayo watoto wa Kenya waliingojea miaka mia moja kamili.

Tukirejea milimani, sindano iliyoziteka nyoyo za watu haikuwa ya kinga, ilikuwa ya tiba, na ugonjwa wenyewe ulikuwa buba. Buba ilienea sana katika nchi hizi baada ya Vita Kuu: vidonda vilivyojitokeza usoni, miguuni na katika nyayo, vikamfanya mtu mzima atambae na mtoto achukiwe na wenzake. Katika miaka ya 1920 madaktari wa serikali na wa misheni walianza kuidunga dawa za bismathi na za aseniki, na vidonda vilivyomsumbua mtu miaka vikakauka katika muda ambao jirani zake waliweza kuuhesabu kwa vidole. Hapa pana jambo ambalo wataalamu wa afya, kwa wingi wa elimu yao, hulipita upesi: kinga haionekani. Aliyechanjwa asipougua hana la kuwaonyesha watu, ilhali aliyepona buba alipita sokoni na ngozi yake mpya ikawa ndiyo hotuba. Habari zikatangulia mbele ya daktari, watu wakaja kwa miguu kutoka mbali kuidai sindano, na wengine walipopewa dawa ya kunywa walinung'unika kwamba wamepunjwa. Imani hiyo ilipita kiasi, nakiri, na mpaka leo wako wazee wasioridhika na tabibu asiyewadunga. Lakini ndiyo iliyokuwa rasilimali ambayo chanjo zote zilizokuja baadaye ziliikopa.

Mmoja wa waliojenga rasilimali hiyo alikuwa Daktari Clive Irvine wa Kanisa la Scotland, aliyefika Chogoria mwaka 1922 na kuanzisha misheni na hospitali katika wilaya iliyoitwa Meru, ingawa leo mahali hapo pamo katika kaunti ya Tharaka-Nithi. Wamethodisti walikuwa Kaaga tangu kabla ya vita na baadaye wakajenga hospitali ya Maua katika Igembe. Wakatoliki wa Consolata wakaweka zao Nkubu na, upande wa Embu, Kyeni. Na Waanglikana walikuwa Kigari tangu 1910. Irvine alikuwa mtu wa msimamo mkali, na mwaka 1929, wakati misheni yake ilipowataka waumini watie alama ya dole gumba kwamba wameacha kutahiri wasichana, kanisa la Chogoria lilikimbiwa na wengi mno. Hata hivyo hospitali haikufungwa. Iliendelea kukua mpaka ikawa na sifa nchi nzima. Watu walijua kupambanua. Waliweza kumkatalia daktari mafundisho yake na kumkubalia dawa yake, na huo, kwa maoni yangu, ulikuwa ukomavu zaidi kuliko ule utiifu ambao wakubwa wa zama hizo walikuwa wakiutamani.

Amri pekee haikufaa kitu mahali hapa, na ushahidi wake mzuri kabisa ni wa mwaka 1956, wakati Njuri Ncheke, lile baraza la wazee ambalo neno lake Meru lilikuwa na uzito kupita la mkuu wa wilaya, lilipopiga marufuku tohara ya wasichana kwa kuafikiana na serikali. Wasichana wenyewe wakachukua nyembe wakatahiriana, wakajipa jina la Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Nyakati hizo zilikuwa za hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Zaidi ya watu milioni moja wa Kikuyu, Embu na Meru walikuwa wamekwisha kuhamishwa kwa nguvu na kusongamanishwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mahandaki, ambamo ugonjwa wa kifua ulipita kibanda kwa kibanda. Afisa aliyekuja hapo na sindano alikuja pamoja na askari, na sioni kwamba mtu yeyote angeweza wakati huo kutofautisha kuridhika na kushindwa.

Uhuru ulipokuja, hiari ilipata nafasi ya kukua polepole. Mpango wa taifa wa chanjo, ambao watu waliujua kwa jina la KEPI, ulianzishwa mwaka 1980 kwa maradhi sita: kifua kikuu, polio, dondakoo, kifaduro, pepopunda na surua. Kadi ya kliniki ikawa hati iliyotunzwa pamoja na vyeti vya shamba. Chogoria wakati huo ilikuwa imesambaza zahanati ndogo katika vijiji, na wahudumu wa kujitolea waliochaguliwa na majirani zao waliingia nyumba kwa nyumba kuzungumza habari za uzazi na watoto. Na katika miaka ya 1980 wataalamu walipopima matumizi ya uzazi wa mpango katika eneo hilo, waliyakuta yamepita maradufu kiwango cha nchi nzima. Aliyemleta mama kliniki hakuwa redio wala bango. Alikuwa binti wa fulani, aliyefahamika aliolewa wapi, na ambaye mtoto akishikwa na homa usiku baada ya kudungwa angeweza kuamshwa na kuulizwa.

Mwezi Novemba mwaka 2001 chanjo ya dondakoo, kifaduro na pepopunda iliongezwa kinga mbili, mojawapo ikiwa dhidi ya kijidudu cha Hib kinachosababisha kichomi na homa ya uti wa mgongo, nazo zote zikawa sindano moja. Hivyo kinga ya kwanza ya kichomi iliingia Meru na Embu bila ya wazazi wengi kutambua kwamba imeingia. Kisha tarehe 14 Februari 2011 Kenya ilizindua mjini Nairobi chanjo ya kijidudu cha nimokoka, ambacho nacho husababisha kichomi, mbele ya Rais Mwai Kibaki, ikawa miongoni mwa nchi za kwanza za Afrika kuipata kwa mpango mpya ambao mataifa wahisani yaliwaahidi watengenezaji soko la yakini ili bei ishuke. Chanjo ya zamani ya Austrian haikuwafaa watoto wa chini ya miaka miwili, kwa sababu miili yao haitambui sukari iliyo juu ya gamba la kijidudu. Hii mpya ilikuwa imeunganisha sukari hiyo na protini, ikakinga dhidi ya aina kumi za nimokoka. Ilitolewa siku zile zile mtoto alipokuwa akiletwa kwa nyingine, wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne, ile sindano ya mwaka 2001 paja la kushoto na hii paja la kulia.

Waliotazamia upinzani hawakuuona, na waliosherehekea hiari ya wananchi, nadhani, waliharakisha. Malalamiko yaliyokuwapo yalikuwa ya mapaja mawili kuumia siku moja. Mama alikuja kwa ajili ya kliniki. Alichodungwa mwanawe kiliamuliwa na nesi na kadi. Shaka ilikuja baadaye, na kwa njia ya uzoefu, mtoto aliyekamilisha dozi zote alipokohoa Julai na kulazwa kwa kichomi. Uchunguzi uliofanywa Kilifi, pwani, unaeleza vizuri kisa hiki: maradhi makali ya nimokoka za aina zilizomo katika chanjo yalipungua kwa 92% miongoni mwa watoto wa chini ya miaka mitano, lakini kulazwa kwa kichomi cha kila namna kulipungua kwa 27% tu, kwani vijidudu vya kichomi ni vingi na chanjo haivijui vyote. Mama wa Runyenjes au wa Nkubu hajapewa hesabu hiyo ya pili. Huambiwa hii ni chanjo ya nimonia, basi, kisha huachwa apatane mwenyewe na kikohozi cha mwanawe.

Wakataao kabisa wapo, nao ni wachache: wafuasi wa Kavonokia katika Tharaka, Mbeere na sehemu za Meru, ambao itikadi yao huwaamuru kumtegemea Mungu pekee na kuepuka hospitali, na ambao machifu na polisi wamewahi kuwafuata majumbani ili watoto wachanjwe kwa nguvu. Mtoto hukingwa, sikatai. Ila mzazi hujifunza kuficha kuzaliwa kwa yule afuatiaye. Wasiwasi ulioenea zaidi ulitokea mwaka 2014, wakati maaskofu wa Kanisa Katoliki walipodai kwamba chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake ilikuwa na kitu cha kuzuia uzazi, dai ambalo serikali na Shirika la Afya Duniani walilikanusha. Katika miteremko hii, ambako hospitali za Nkubu na Kyeni ni za Wakatoliki, mama alisikia maneno mawili yanayopingana kutoka kwa watu wale wale aliozoea kuwaamini, mmoja mimbarini na mwingine katika chumba cha sindano. Kiini cha ghadhabu kilikuwa kwamba wanawake hawakuulizwa wala kuelezwa kabla.

Wazee, ambao kichomi huwaua karibu kama kinavyowaua wachanga, hawamo katika mpango wa taifa. Atakaye chanjo hununua katika hospitali za kulipia, na bei hiyo kwa mkulima wa kahawa haipo katika mazungumzo. Hiari yao haijapimwa na mtu. Na ya kina mama nayo imepata mtihani wa sura nyingine tangu afya ikabidhiwe kaunti mwaka 2013: katika mgomo wa wauguzi wa mwaka 2017, uliodumu miezi mitano, milango ya zahanati nyingi ilifungwa, na mwaka 2025 chanjo za kifua kikuu na polio ziliadimika nchini, wakati ambapo wahisani wa nje wanazidi kuiachia Kenya gharama za chanjo izilipe yenyewe. Mzazi aliyeshuka bondeni na kupanda upande wa pili na mtoto mgongoni, kadi mkononi, akiwa tayari kwa sindano zote mbili, anaambiwa arudi wiki ijayo. Na wiki ijayo ni siku ya kuchuma chai.