Sufuria: neno la jikoni na asili yake

Neno hili twalitaja kila siku, na wengi wetu hapa Ghuba husema limetokana na "sufra", yaani kile kitandiko tunachokitandaza chini wakati wa kula. Hoja yao ni kwamba kilichopikwa kwenye sufuria huishia kwenye sufra. Maneno yanakaribiana, lakini herufi haziwafikiani.

Sufra ya Kiarabu huandikwa kwa sini, na ni ukoo mmoja na safari. Mwanzo kilikuwa chakula cha msafiri, kisha ngozi ya kukifungia, ambayo akifika pa kupumzika huitandaza akalia juu yake. Sufuria ni ya swadi. Sisi tuliosomea shule za misheni tulifundishwa herufi za Kirumi tu, nazo zina "s" moja kwa sini na swadi, kwa hiyo hapo hakuna cha kumzindua mtu.

Kwa swadi, fe na re, Waarabu wana asfar, rangi ya manjano, na sufr, shaba. Chombo cha kupikia cha shaba wakakiita sufriya, na Kiarabu cha Ghuba kingali na jina hilo kwa jungu kubwa la karamu. Ulimi wa Mswahili haupendi f na r zigandane, ukatia u katikati, kama sifr ilivyokuwa sifuri. Hiyo sifuri nayo ni ya swadi, ila maana yake ni utupu, si rangi. Ndugu wa karibu zaidi ni safura, jina la ugonjwa, ambalo kwa Kiarabu ni nyongo ya manjano.

Basi zamani tofauti ilikuwa wazi: chungu cha udongo, sufuria ya shaba. Hiyo ya shaba ilibidi ipakwe bati kwa ndani, maana vitu vikali kama ndimu na ukwaju huila shaba, na sumu yake ikaingia katika mchuzi. Alumini ilipokuja, umanjano ukaondoka, jina likabaki. Ndiyo maana leo twasema sufuria ya chuma au ya alumini bila kuona ajabu.

Kutoka pwani neno lilipanda bara. Waganda husema ssefuliya, Rwanda na Burundi isafuriya, na Mkenya hata akizungumza Kiingereza husema sufuria.

Kuhusu wingi, ni sufuria moja, sufuria mbili. "Masufuria" yamezagaa, kwa yale majungu ya harusi sina ugomvi nayo, lakini kwa kisufuria cha kuchemshia chai siyakubali.

Na watoto wetu wanaosoma Kiarabu shuleni Maskati wakitaka kuliandika neno hili kwa herufi hizo, waanze na swadi.