Antena, Foromali na Kipapasio

Katika kusanifu istilahi, haitoshi kuuliza neno limetoka wapi. Hatuna budi kuuliza pia litamfikisha wapi mtumiaji. Neno antena latupa mfano.

Kwa Kilatini, neno hili lilitaja boriti ishikayo tanga, ambayo mabaharia wa pwani yetu huiita foromali. Wataalamu wa viumbe wakalichukua kutajia vipapasio vya wadudu. Mwishoni mwa karne ya 19, enzi ya majaribio ya Marconi, likahamia kwenye redio.

Hapa kwetu Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na mwaka 1965 ikazaliwa Radio Tanzania. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya wananchi vijijini katika vikundi vya kusikiliza redio. Kwa msikilizaji wa bara, kwa mfano wa Zombo wilayani Kilosa, masafa mafupi yalikuwa na faida kubwa, kwa kuwa hurudishwa chini na tabaka la juu la angahewa, yakavuka milima.

Je, tulifufue neno foromali? La. Neno hilo lingali na kazi yake chomboni, na mtu wa Zombo hana tanga. Kipapasio nacho kibaki kwa mdudu. Antena limekwisha kukubalika vinywani mwa watu.

Lakini kazi haijakwisha, maana uzito umo katika maneno yanayoliandama. Tukiandika "antena ndefu" kana kwamba ndiyo bora, tutampoteza msomaji. Wimbi la mita 60 lina robo ya mita 15. Hapo waya uliotandazwa nje wafaa. Ama mpenzi wa redio ya kupekua masafa, atakaye kusikia mazungumzo ya ndege, hushughulika na mawimbi ya mita 2 na nusu hivi. Robo yake ni kama sentimita 60, nayo fimbo husimamishwa wima, mahali pa juu, kwa kuwa mawimbi hayo huzuiwa na milima.

Kwa hiyo twapendekeza istilahi tatu: antena ya waya, antena ya fimbo, na antena ya robo-wimbi. Hii ya mwisho hubeba kipimo chake ndani ya jina. Mwalimu aweza kuifafanua kwa hesabu ya kugawanya tu, na mnunuzi asitupe fedha zake kwa kudanganywa na urefu.