Gitaa Masikioni

Mkwaruzo wa gitaa la umeme ukipelekwa moja kwa moja kwenye hedifoni hulia kama nyuki ndani ya debe. Wengi huilaumu hedifoni. Mimi nasema kosa lake ni uaminifu. Spika ya gitaa ya inchi 12 hufifisha sauti kali zinazozidi mitetemo 5,000 hivi kwa sekunde. Hedifoni hupitisha zote.

Mmarekani Tom Scholz, mhandisi wa Polaroid ambaye bendi yake, Boston, ilivuma mwaka 1976, alilijua hilo. Mwaka 1982 akatoa Rockman, kijisanduku cha kuvaa mkandani, kinachochuja ukali huo na kuongeza mwangwi. Cha mazoezi, jirani alale! Lakini Def Leppard walikitumia studioni kurekodi Hysteria, iliyotoka mwaka 1987.