Tundu dogo la Manchester: jinsi mionzi ilivyohesabiwa

Vijana wenzetu, leo tunarudi Manchester, Uingereza, mwaka 1908. Ernest Rutherford alitoka New Zealand, Hans Geiger alitoka Ujerumani. Swali lao lilikuwa moja: gramu moja ya rediamu inatoa chembe ngapi za alfa kwa sekunde?

Kuzihesabu zote haikuwezekana, maana zinaruka pande zote kama mwanga wa kibatari. Basi wakaweka chanzo kidogo sana kilichotokana na rediamu ndani ya bomba refu lililotolewa hewa, na mwisho wa bomba wakaacha tundu dogo. Kila chembe iliyopita ilitikisa mshale wa kipimo. Kisha wakalinganisha eneo la tundu na eneo la tufe zima lenye nusu kipenyo sawa na umbali ule, wakazidisha. Jibu: takriban bilioni 34 kwa sekunde. Leo tunajua ni kama bilioni 37. Hawakukosa sana, si ndiyo?

Kwa nini tundu dogo, tena mbali? Hapa ndipo wengi wanateleza. Tunafundishwa kwamba umbali ukiwa mara mbili, mionzi inabaki robo. Ni kweli pale kipimo ni kidogo sana kuliko umbali. Ukikisogeza karibu, ukingo wa dirisha lake uko mbali kuliko katikati, na unapokea mionzi kwa mshazari.

Chukua dirisha la duara lenye nusu kipenyo sentimita 3. Likiwa sentimita 4 kutoka kwenye chanzo kidogo, linapata asilimia 10 ya mionzi yote. Likiwa sentimita 8, asilimia 3.2. Imepungua mara 3.1, siyo mara 4! Asiyerekebisha atadhani kanuni imevunjika, kumbe ni dirisha lake.

Hili linatuhusu. Shinkolobwe, Katanga, ndiko ilikotoka rediamu ya Wabelgiji miaka ya 1920, na baadaye urani nyingi ya mradi wa Marekani wa bomu la atomiki. Serikali iliufunga mgodi mwaka 2004, ila watu waliendelea kuchimba kwa mikono. Kipimo kikubwa kikisogezwa kwenye jiwe dogo kinaonyesha wastani wa dirisha zima, na wastani huo ni mdogo kuliko kinachopata ngozi ya kiganja kilicholishika.

Kwa hiyo tukiambiwa "kipimo kimesoma kidogo", tuulize mawili: kiliwekwa umbali gani, na dirisha lake lina ukubwa gani?