Miguu ya Electra: Uchunguzi wa Ajali ya Luke Field, 1937

Ndege nyingi zilizoundwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia zilisimama ardhini kwa magurudumu mawili makubwa chini ya mabawa na gurudumu dogo mkiani, mpangilio uliofaa viwanja vya nyasi na udongo lakini uliowapa marubani mtihani ambao ndege za leo, zenye gurudumu la mbele, zimeuepuka kwa kiasi kikubwa. Kwa kuwa kitovu cha uzito kilikuwa nyuma ya magurudumu makubwa, ndege iliyoanza kupinda ikiwa katika mwendo wa kasi haikujinyoosha yenyewe, bali mkia ulizidi kusukumwa nje hadi ndege ikageuka kwa ghafla ardhini, na mguu mmoja ukalemewa kwa ubavu na nguvu ambayo haukuundwa kuihimili.

Hayo ndiyo yaliyoipata Lockheed Electra 10E ya rubani wa Marekani, Amelia Earhart, alfajiri ya Machi 20, 1937, katika uwanja wa kijeshi wa Luke Field huko Hawaii. Safari yake ya kuizunguka dunia kuelekea magharibi ilikuwa imeanza siku tatu kabla, aliporuka kutoka Oakland, California, hadi Honolulu kwa saa 15 na dakika 47. Sasa alikuwa akikielekea kisiwa kidogo cha Howland pamoja na waongoza njia wawili, Harry Manning na Fred Noonan, huku matangi yakiwa na galoni zipatazo 900 za petroli, mzigo uliozidi tani 2. Kabla ya kupaa ndege iliyumba, ikageuka, miguu ikakunjika, nayo ikateleza kwa tumbo huku rafadha, yaani mapanga yanayoivuta ndege hewani, zikipinda. Hakuna aliyeumia, na pamoja na petroli yote hiyo, moto haukuwaka.

Maelezo yaligongana mara moja. Earhart alidhani kwamba tairi la kulia lilipasuka, au kwamba kifaa cha kupunguza mishtuko upande huo, ambacho mafundi wa magari hukiita shokapu, kilishindwa kazi. Mshauri wake wa ufundi, Paul Mantz, alishikilia kwamba Earhart alijaribu kuinyoosha ndege kwa kupunguza na kuongeza nguvu za injini moja moja, badala ya kutumia usukani wa mkia. Jopo la maofisa wa Jeshi la Marekani lililochunguza ajali hiyo lilihitimisha kwamba miguu ilivunjika kwa sababu ya mgeuko usiodhibitika, ila ushahidi haukutosha kuthibitisha chanzo cha mgeuko wenyewe. Hapo ndipo penye uzito wa kazi ya jopo hilo, kwani mguu uliovunjika ni rahisi kuulaumu, ilhali mara nyingi wenyewe ni majeruhi wa kosa lililotangulia. Na tairi lililopasuka linaweza kuwa limeanzisha mgeuko, au limepasuliwa nao. Maofisa walikataa kuijaza nafasi hiyo kwa dhana, na walifanya sawa, ingawa wapo waandishi waliokuja baadaye ambao hawakuwa na subira hiyo.

Ndege ilirudishwa kwa meli hadi kiwandani Burbank, California, ikatengenezwa upya. Manning alijiondoa, na kwa kuwa majira ya hali ya hewa yalikuwa yamebadilika, mwelekeo wa safari uligeuzwa ukawa wa mashariki, ndiyo maana mwezi Juni Earhart na Noonan walilivuka bara la Afrika kupitia Dakar, Gao, Khartoum na Massawa. Badiliko hilo lilikuwa na gharama ambayo haitajwi vya kutosha: Howland, kisiwa ambacho kingetafutwa mwanzoni mwa safari, rubani na mwongoza njia wakiwa bado na nguvu na Manning, mjuzi wa redio, akiwa ndani ya ndege, sasa kiliwekwa karibu na mwisho, baada ya mwezi mzima wa uchovu. Julai 2, 1937 Electra iliondoka Lae, New Guinea, kukielekea kisiwa hicho, na haikufika. Wala mabaki yake hayajapatikana hadi leo.