Makaburi ya Nyeri na Moja Lisilojulikana

Mgeni akiniomba nimtembeze Nyeri, humpeleka makaburini kwanza. Nilifundisha historia hapa hadi nikastaafu, na darasa lililozidi lile sijaliona.

Penye kanisa la Mtakatifu Petro amelala Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki Januari 8, 1941 katika nyumba yake ndogo ya Paxtu, kwenye viwanja vya hoteli ya Outspan. Jiwe lake limechongwa duara lenye nukta katikati, alama ya skauti aliyemaliza safari akarudi nyumbani. Hapo hapo yupo Jim Corbett, aliyewawinda chui milia wala-watu kule India, akahamia kwetu na kuishi Paxtu ile ile hadi alipofariki mwaka 1955.

Kanisa kuu la Consolata linahifadhi masalio ya Sista Irene Stefani, Mwitalia ambaye wazee wetu walimwita Nyaatha. Alifia Gikondi mwaka 1930, akiwa na miaka 39, kwa tauni aliyoambukizwa na mgonjwa aliyekuwa akimuuguza. Umati uliofurika Nyeri Mei 23, 2015, alipotangazwa mwenyeheri, ulionyesha kwamba hakusahauliwa. Hata mwanamfalme Amedeo wa Aosta, aliyeitawala Ethiopia kwa niaba ya Italia na kufa mateka wa Waingereza jijini Nairobi mwaka 1942, ana kaburi lake hapa, pamoja na askari wake.

Na Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau dhidi ya Mwingereza, je?

Huyu ni wetu wa kuzaliwa, mtoto wa Thegenge, 1920. Oktoba 21, 1956 alipigwa risasi pembezoni mwa msitu wa Nyandarua, akakamatwa. Kesi ilisikilizwa papa hapa mjini, mashtaka yakiwa kupatikana na bastola. Jaji Mkuu O'Connor akamhukumu kifo, na Februari 18, 1957 akanyongwa Kamiti. Walimfukia huko gerezani, na familia haikuonyeshwa mahali.

Wanafunzi waliwahi kunijibu kwamba Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira na binti wa Ihithe, naye hana kaburi hapa Nyeri. Ni kweli. Hakutaka mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake, kwa hiyo mwaka 2011 alilazwa katika jeneza la mianzi, mafunjo na magugu maji, kisha mwili ukachomwa. Lakini Wangari alichagua mwenyewe. Kimathi alinyimwa.

Mjane wake, Mama Mukami, aliidai mifupa ya mumewe kwa serikali baada ya serikali. Mumewe alijengewa sanamu jijini Nairobi mwaka 2007; kaburi hakupewa. Mei 2023 tukamzika Njabini, peke yake.

Kumbukumbu za kesi ya Kimathi nazo zilidhaniwa kwa miaka mingi kuwa zimepotea, hadi zilipopatikana na kuchapishwa kitabuni mwaka 2017. Ikiwa karatasi zilizodhaniwa kupotea zilipatikana, sioni udhuru wa kutomtafuta mwenyewe. Kamiti sasa ni gereza letu, si la Mwingereza, na hakuna wa kutuzuia kuichimba ardhi yake.