Usiuze Karanga Zote: Yaliyotokea Malawi Mwaka 1990

Ndugu mkulima, karanga zikivunwa wanunuzi hufika mpaka shambani, na bei ikiwa nzuri hata gunia la mwisho hupakiwa. Kabla hujalipakia, soma kisa hiki.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, raia wengi wa Msumbiji waliokimbia vita waliishi Malawi kwa mgao wa chakula. Sehemu kubwa ya mgao ilikuwa mahindi, na karanga zilikuwemo. Mwaka 1989 karanga zikakatika. Ugali uliendelea kuwepo, lakini watu wakaanza kuota mabaka meusi yanayopasuka mahali panapopigwa na jua: mikononi, miguuni, na shingoni kama mkufu. Wengine waliharisha. Ugonjwa huu ukizidi, mtu huchanganyikiwa na hata kufa. Kati ya Februari na Oktoba 1990 waliandikishwa wagonjwa karibu 18,000, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Ni pelagra, yaani upungufu wa niasini (vitamini B3).

Niasini imo ndani ya mahindi, ila imefungwa na mwili hauipati vizuri. Wenyeji wa Mexico, walioanza kulima mahindi maelfu ya miaka iliyopita, huyachemsha kwa maji ya chokaa, na hapo hufunguka. Mahindi yalipovuka bahari kuja Afrika, ujuzi huo ulibaki kwao. Kwa hiyo hata dona, ambayo kila siku nawahimiza mle badala ya sembe, haitoshi peke yake.

Wataalamu walipochunguza Malawi, waliona kwamba wenye bustani zao, na waliokula karanga au samaki kila siku, hawakuugua sana. Bustani tu, jamani!

Basi pima karanga za nyumbani kabla mnunuzi hajafika. Na zisiwe zile alizozikataa: zenye ukungu huwa na sumukuvu. Wewe mwenye duka, fungasha karanga na dagaa kwa vipimo vidogo, mwenye shilingi chache naye apate mboga.

Ukiona mabaka ya aina hiyo kwa mtu anayekula ugali na majani tu, usitafute mchawi. Mpeleke zahanati mapema. Niasini ipo kwa vidonge, na pelagra hupona.